Msilikwangue povu la pilsner

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Jumamosi iliyopita, katika baa moja hapa Arusha, niliagiza pilsner. Mhudumu, binti mwenye adabu zake, akaniuliza: "Ya moto au ya baridi, mzee?" Alipomimina, povu likapanda. Akachukua kijiko, akalikwangua lote na kuniomba radhi. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo umetupa utamu wenyewe." Akabaki kunishangaa.

Nilisoma uhandisi mjini Plzeň, Czechoslovakia, miaka ya 1980. Pilsner, kabla ya kuwa jina kwenye chupa, ni bia ya mji huo. Wenyeji walichoshwa na bia mbovu, hata mwaka 1838 wakamwaga mapipa 36 mbele ya ukumbi wa mji. Wakajenga kiwanda chao, wakamleta Josef Groll kutoka Bavaria, naye Oktoba 1842 akapika bia ya rangi ya dhahabu, angavu, watu wakiwa wamezoea bia nyeusi au yenye ukungu. Kimea chake cha shayiri kilikaushwa taratibu kisiungue. Maji ya Plzeň ni laini, karibu hayana chumvi, ndiyo maana uchungu wa maua ya hopsi kutoka mji wa Žatec haukwaruzi koo. Hamira yake hufanya kazi penye baridi na kutua chini, kisha bia ililazwa wiki kadhaa kwenye mahandaki. Ndiyo asili ya neno lager: kwa Kijerumani ni kuweka ghalani.

Anayeanza leo asiinywe ikiwa karibu kuganda. Barafu huua ladha. Kule huimimina ikiwa nyuzi 7 hivi. Anuse kwanza, kisha apige funda kubwa: utamu wa kimea hutangulia, uchungu hufuata na kubaki nyuma ya ulimi.

Na povu! Plzeň glasi husuuzwa kwa maji baridi, bia ikajazwa na povu la vidole vitatu, zito kama maziwa. Hilo ndilo kifuniko kinachozuia hewa isiichoshe bia, na kila funda huacha pete kwenye glasi. Glasi iliyofutwa kwa kitambaa chenye mafuta haiachi pete hata moja.

Wenye baa, wafundisheni vijana wenu. Jumamosi hii nitarudi meza ile ile karibu na kaunta, na nimeshamwomba yule binti anisuuzie glasi.

Mhandisi mstaafu,
Arusha