Tumsome Hosea kabla ya Kumsoma Mathayo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini mfululizo wa makala ambazo gazeti lako limechapisha kuhusu unabii wa Agano la Kale juu ya Masihi, na kwanza ninakushukuru kwa kulipa nafasi jambo ambalo wahubiri wetu wengi hulipitia juu juu wakati wa Majilio, kisha hulisahau hadi mwaka unaofuata. Ninaungana na mwandishi katika imani yake: ninakiri kwamba Yesu wa Nazareti ndiye Kristo, na kwamba torati na manabii humshuhudia. Ninachokipinga ni njia aliyoitumia kutufikisha hapo. Amekusanya aya nyingi kutoka vitabu mbalimbali, akaweka mbele ya kila moja aya ya Agano Jipya, kisha akahitimisha kwamba ushahidi huo uko wazi kiasi kwamba Myahudi asiyeuona amefumba macho kwa makusudi. Naamini njia hiyo inawaonea manabii, inawaonea Wayahudi, na mwishowe inawadhoofisha Wakristo wenyewe.

Tuitazame Hosea 11:1, ambayo mwandishi anaiita utabiri wa safari ya mtoto Yesu kwenda Misri na kurudi. Yeyote atakayeifungua sura hiyo ataona kwamba nabii hatabiri kitu katika aya ile; anakumbusha yaliyopita. Mungu anasema kwamba alimpenda Israeli alipokuwa mtoto, akamwita mwanawe atoke Misri, na aya inayofuata inalalamika kwamba kadiri walivyoitwa ndivyo walivyozidi kwenda mbali, wakiwatolea Mabaali, miungu ya Wakanaani, dhabihu. Hakuna Mkristo atakayethubutu kuyasema maneno hayo ya aya ya pili juu ya Yesu. Je, Mathayo alikosea, au alitumaini kwamba wasomaji wake hawatakifungua kitabu cha Hosea? Hata kidogo. Aliwaandikia watu waliolelewa katika Maandiko, naye alikuwa akifanya jambo kubwa kuliko kuoanisha utabiri na tukio. Katika sura zake nne za mwanzo anamwonyesha Yesu akiipitia upya historia ya taifa lake: anashuka Misri na kuitwa atoke humo, anapita katika maji ya Yordani, anakaa nyikani siku 40 kama baba zake walivyokaa miaka 40, na kila anapojaribiwa anamjibu Ibilisi kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, zile zile zinazoyakumbuka majaribu ya jangwani. Pale Israeli alipoanguka, mwana huyu anasimama. Tukiigeuza Hosea 11:1 kuwa utabiri wa safari, tunajipatia hoja dhaifu ambayo kijana yeyote mwenye Biblia anaweza kuivunja, na tunapoteza mahubiri makubwa ambayo Mathayo aliyakusudia.

Isaya 7 nayo inadai uvumilivu uleule. Mnamo mwaka 735 KK hivi, Resini mfalme wa Shamu (Siria) na Peka mfalme wa Israeli waliungana kuishambulia Yerusalemu, wakitaka kumwondoa Ahazi, mfalme wa Yuda, na kumtawaza mtu wao. Nabii alimpa mfalme huyo aliyetetemeka ishara ya mtoto Imanueli, akaeleza pia maana yake: kabla mtoto hajajua kuyakataa mabaya na kuyachagua mema, nchi ya wafalme hao wawili itakuwa imeachwa ukiwa. Dameski ilianguka mikononi mwa Waashuri mwaka 732 KK, na Samaria ikafuata miaka kama kumi baadaye. Ishara ya kungojwa miaka 700 ndipo ionekane isingemfaa Ahazi kwa lolote. Kanisa lilipolisoma neno hilo tena mbele ya hori la Bethlehemu, lilitambua kwamba Mungu aliyekuwa pamoja na Yuda katika hofu ile amekuja kuwa pamoja na wanadamu kwa namna ambayo Ahazi asingeweza kuiwaza. Usomaji huo wa pili ni wa kweli kwangu, nao ni moyo wa Krismasi. Lakini hauna miguu ya kusimamia iwapo ule wa kwanza umetupwa.

Wala sisemi jambo geni. Injili zenyewe zinakiri kwamba wanafunzi hawakuanza na orodha ya unabii wakamtafuta mtu wa kuijaza. Yohana 12:16 inasema wazi kwamba Yesu alipoingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, wanafunzi hawakuyaelewa mambo hayo. Ni baada ya kutukuzwa kwake ndipo walipokumbuka kwamba yalikuwa yameandikwa. Katika Luka 24, wasafiri wawili wa Emau walikuwa wameyasikia Maandiko tangu utoto wao, na bado walitembea wakiwa na huzuni, hadi yule aliyefufuka alipoyafunua kwao. Imani ya mitume ilitoka katika kaburi tupu, ikarudi nyuma hadi kwa manabii, ikakuta kule mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona kwa namna hiyo. Ndiyo maana nasikitika mwandishi anapotumia hesabu iliyowahi kutolewa na mtaalamu mmoja wa hisabati wa Marekani, kwamba uwezekano wa mtu mmoja kutimiza unabii nane kwa bahati ni moja kwa idadi yenye sifuri 17. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila aya ilikuwa utabiri, na kwamba kila tukio lilitokea lenyewe bila kujua lililoandikwa. Lakini ni Yesu mwenyewe aliyewatuma wanafunzi wamletee mwanapunda. Aliijua Zekaria 9, inayomsema mfalme mnyenyekevu ajaye amepanda mwanapunda, akaitenda mbele ya watu, ili waone ni mfalme wa namna gani anayewajia: asiye na farasi wala gari la vita. Kuliita tendo hilo bahati iliyopimwa kwa sifuri ni kumnyang'anya Bwana kusudi lake.

Jambo lililonisukuma hasa kukuandikia, Ndugu Mhariri, ni Isaya 53, sura ya mtumishi wa Bwana anayeteswa kwa ajili ya wengine. Hakuna sura ya Agano la Kale iliyo karibu na moyo wangu kuliko hiyo, na kila Ijumaa Kuu naisikia kana kwamba iliandikwa chini ya msalaba. Lakini swali la mtumishi huyu ni nani si swali la ukaidi. Towashi Mkushi aliyekuwa garini katika Matendo ya Mitume 8 aliuliza lilelile, kama nabii alijisema mwenyewe au alimsema mwingine, na Filipo hakumkemea. Katika Isaya 41:8, 44:1 na 49:3 mtumishi wa Bwana anaitwa Israeli kwa jina. Ni kweli pia kwamba aya tatu baadaye katika sura ya 49, mtumishi huyo anapewa kazi ya kuziinua kabila za Yakobo, kana kwamba ni mtu aliye ndani ya taifa na wakati huohuo anasimama mbele yake. Ugumu huo umo ndani ya maandishi yenyewe, haukutungwa na mtu anayemkataa Kristo.

Wayahudi hawakuanza jana kuusoma mlango huo kwa habari ya taifa lao. Origene, mwalimu wa Kanisa la kale aliyeandika katikati ya karne ya tatu, anasimulia kwamba wenye hekima wa Kiyahudi aliojadiliana nao walisema hivyo hivyo. Wako pia waliomhusisha mtumishi huyo na Masihi: tafsiri ya kale ya Kiaramu ya manabii inamtaja Masihi hapo, ingawa mateso inayahamishia kwa wengine, na Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, inaitumia Isaya 53:4 inaposema habari za Masihi. Kisha alikuja Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa Troyes huko Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1040 na kusomea katika miji ya Mainz na Worms. Mwaka 1096, akiwa bado hai, makundi ya watu waliovaa msalaba kifuani wakielekea Yerusalemu yaliwachinja Wayahudi katika miji hiyo hiyo miwili. Rashi alifundisha kwamba mtumishi anayedharauliwa na kuchukua mateso kwa ajili ya mataifa ni Israeli. Mimi simfuati katika hilo, kwa kuwa ninaamini mtumishi huyo amepata uso wake kamili Golgotha. Lakini siwezi kumwambia mtu ambaye watu wake walichinjwa chini ya ishara ya msalaba kwamba amesoma hivyo kwa sababu ya upofu, na ninamwomba mwandishi naye asiseme hivyo.

Yapo pia maswali ambayo Mkristo hapaswi kuyakimbia. Katika mdahalo wa Barcelona wa mwaka 1263 kati ya Wakristo na Wayahudi, mbele ya Mfalme Yakobo wa Aragon, Mrabi Nahmanidi, alipoambiwa kwamba Masihi amekwisha kuja, alijibu kwamba manabii walitangaza siku ambapo taifa halitainua upanga juu ya taifa lingine, na ulimwengu aliouona ulikuwa umejaa jeuri na unyang'anyi. Jibu letu la haki ni kwamba sisi nasi tunangoja. Tunakiri katika Imani kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu, na kukiri huko ni kukubali kwamba sehemu ya ahadi haijaonekana bado. Tume ya Kipapa ya Biblia, ya Kanisa Katoliki, iliandika mwaka 2001 kwamba usomaji wa Kiyahudi wa Maandiko ni usomaji unaowezekana, na kwamba matarajio ya Wayahudi kuhusu Masihi si ya bure. Mimi ni Mlutheri, na sioni aibu kusema kwamba kanisa langu lingefaa kufundisha jambo hilo kwa sauti ileile.

Matarajio hayo yenyewe hayakuwa ya aina moja hata siku za Yesu. Magombo yaliyoanza kupatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 yanaonyesha jumuiya iliyowangoja nabii pamoja na masihi wa Haruni na wa Israeli, yaani kuhani na mfalme. Gombo kubwa la Isaya la huko huko, lenye sura zote 66 na lililonakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Bethlehemu, linawajibu vema wale wanaodai kwamba Wakristo walijitungia maneno ya nabii. Hiyo ni hoja nzuri, na ninashangaa makala hazikuitumia.

Wasomaji wako wa Tanzania na Kenya wanaijua vizuri hatari ninayoisema, maana wameihudhuria mihadhara ya dini viwanjani. Kumbukumbu la Torati 18:18, habari za nabii kama Musa, husomwa na upande mmoja kuwa ni Muhammad na upande wa pili kuwa ni Yesu, huku kila upande ukipigiwa makofi. Ni nadra kumsikia mzungumzaji akianzia aya ya 9, inayowakataza Israeli kuwaendea waganga na wapiga ramli, na kueleza kwamba ahadi ya nabii imetolewa kwanza ili taifa lisikose sauti ya Mungu baada ya Musa kufariki. Petro anamhubiri Yesu kwa aya hiyo katika Matendo 3, nami namfuata Petro. Lakini tukijizoeza kung'oa aya moja moja, hatuna haki ya kulalamika wengine wanapoing'oa hiyohiyo kwa ajili yao.

Kwa hiyo ninaomba, kama mfululizo huu utaendelea, makala zijazo zichapishwe pamoja na sura nzima inayojadiliwa, kuanzia na Isaya 7 na Hosea 11, na kila moja ieleze nabii alikuwa akisema na nani, katika vita gani au uhamisho upi, kabla ya kuingia katika Agano Jipya. Ninaomba pia sentensi inayowahusu Wayahudi isahihishwe katika toleo lijalo.

Wako katika Kristo,
Mwinjilisti mstaafu,
Iringa