Tunakula saa saba usiku halafu tunashangaa sukari

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mi ni mkazi wa Igoma hapa Mwanza, mwaka wa sita huu nakata minofu ya sangara kiwandani, shifti ya usiku. Mapumziko yetu ni saa saba usiku, unavua glavu vidole vimekufa ganzi kwa barafu hata kijiko hakishikiki, unapewa wali maharage sahani imejaa mpaka pembeni na soda juu, unakula fasta fasta unarudi mezani. Mwaka jana nikapima sukari ikawa juu, nesi akaniuliza nakula nini, saa ngapi nakula hakuuliza, na hicho ndo kilio changu.

Mwili una saa yake jamani. Ile kubwa iko kwenye ubongo na inafuata mwanga unaoingia machoni, ila ini, kongosho na utumbo navyo vina saa zao na hizo zinafuata sana muda wa kula. Si maneno ya kijiweni haya, mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli, na waliichunguza kwenye vile vijinzi vinavyozunguka ndizi mbivu. Sasa ukishindilia wali saa saba usiku ubongo unajua ni usiku huku ini linaona kumekucha, na insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari, usiku haina nguvu kama ya asubuhi, hivyo wali uleule uliokula mchana bila shida usiku unapandisha sukari zaidi na inachelewa kushuka.

Siku hizi nakula ugali wangu na sato nyumbani saa kumi na moja jioni kabla sijapanda daladala, usiku maji na kipande cha papai basi, asubuhi uji na yai ndo nalala. Wiki ya kwanza njaa ilinitesa kwelikweli. Dawa naendelea kumeza kama nilivyoandikiwa, hilo sichezei.

Ombi langu kwa wenye viwanda, mlo mkubwa utoke kabla shifti haijaanza. Na nyie wataalamu wa lishe mnaokuja kutuchorea makundi ya vyakula ubaoni, tuambieni na masaa, maana tuko wengi tunaokesha, walinzi, manesi, na wavuvi wa dagaa wanaoshinda na taa ziwani mpaka alfajiri. Kwetu mpishi wa kantini tumeshaongea naye, yuko tayari kuinjika sufuria saa tisa alasiri, anasubiri ofisi iseme ndiyo.

Mkata minofu, Igoma, Mwanza