Bolti si mabaki ya zamani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu bunduki za uwindaji niliisoma yote huku nikitikisa kichwa. Mwandishi wenu anasema bunduki ya bolti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono wa chuma ubavuni, ni mabaki ya vita vya zamani, na kwamba mwindaji achague kwanza risasi nene, kisha bunduki yoyote inayoipiga itamfaa. Mimi ni fundi wa bunduki, na hilo la "yoyote" ndilo lililoninyanyua kitini.

Tuchukue risasi ileile aliyoitaja, .375 ya Holland & Holland, watengenezaji bunduki wa London, iliyotoka mwaka 1912. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, kina unene wa milimita 9.5. Kile kizito kina gramu 19 na ushei, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Nguvu ipo, sikatai. Lakini litazameni ganda: linapungua unene taratibu kutoka kitakoni, na bega lake limelala. Baruti ya enzi hizo, kodaiti, ilipandisha shinikizo kwenye jua kali, na ganda lenye kuta zilizosimama wima lingeng'ang'ania chembani, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Hili huachia. Na kwa kuwa bega hilo limelala mno kulishika barabara mahali pake, wakalivisha mkanda, yaani pete iliyoinuka, juu kidogo ya kitako.

Risasi nzima ina urefu wa karibu milimita 91. Bunduki nyingi za bolti hazina magazini (kisanduku cha akiba ya risasi) ya urefu huo, wala bolti zake hazirudi nyuma kiasi hicho. Ndiyo maana .375 hudai bunduki yenye nafasi ya urefu huo.

Kuhusu "mabaki ya vita": kweli, bolti ya Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa ya jeshi la Ujerumani. Lakini ina ukucha mrefu wa chuma ubavuni, unaoidaka risasi mara tu inapopanda kutoka magazini. Ukisita katikati ukarudisha bolti nyuma, risasi inarudi nayo. Bunduki isiyo na ukucha wa namna hiyo huisukuma tu mbele. Ukirudisha bolti kabla hujaifunga, risasi hubaki chembani, na msukumo wa pili huleta nyingine ikagonga kitako cha ile ya kwanza. Nyati akiwa hatua chache mbele yako, hapo hakuna mjadala. Winchester, kiwanda cha Marekani, walipouondoa ukucha huo kwenye bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964, wawindaji walilalamika miaka na miaka, hadi kiwanda kikaurudisha.

Tena, unapoinua mkono wa bolti, mteremko uliochongwa nyuma yake hulilegeza ganda kwanza, kwa nguvu kubwa kuliko unayoisikia kiganjani. Kulivuta kunafuata baadaye. Bunduki inayojikoki yenyewe haikupi mkono wa namna hiyo ganda linapokwama.

Ukucha una udhia wake, nisije nikaonekana mwuzaji. Bolti nyingi za aina hii hazipendi udondoshe risasi moja chembani kwa mkono kisha uifunge kwa kishindo; ukucha hulazimika kuruka juu ya ukingo wa ganda, na siku moja utavunjika. Pitisheni risasi magazini.

La mwisho ni picha mliyoweka chini ya kichwa cha habari. Ganda lile lina ukingo uliotokeza kitakoni na halina mkanda. Hiyo nayo ni .375 ya Holland & Holland, ila ni ndugu yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za mitutu miwili zinazokunjwa. Vichwa vyao vinafanana, lakini hazibadilishani chemba. Naomba maelezo ya picha hiyo yasahihishwe katika toleo lijalo, maana kuna msomaji atakayekwenda kununua risasi akiwa na ukurasa wenu mkononi.

Ni mimi,
Fundi wa bunduki, msomaji wenu wa siku nyingi