Njoo na kopo lako, tutakupimia

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwetu, jirani na Soko la Majengo, kabeba kikapu kizuri cha ukindu. Akachukua mchele kilo mbili, maharage kilo, sukari nusu, karanga robo, mlenda wa kusaga wa mia tano na pakiti ya chumvi. Alipotoka nikahesabu tulichomfungia: vifuko vitano vya plastiki, ukiacha ile pakiti. Kikapu chake hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wengi wetu tulidhani kazi imeisha. Rambo zimepungua kweli. Anayeikumbuka Dodoma ya zamani msimu wa upepo anajua migunga ilivyokuwa ikivaa mifuko kama nguo zilizoanikwa. Ila katazo lile lilihusu vibebeo. Vifungashio vya vyakula vya viwandani viliachwa, na plastiki ikawa haining'inii tena mkononi, imejificha ndani ya kikapu.

Wateja huuliza: si inaokotwa ikauzwa? Waulize vijana wanaopita na viroba mgongoni. Chupa za maji wanachukua, madumu wanachukua, vyuma ndiyo usiseme. Kifuko chembamba chenye vumbi la unga hawakigusi, kwa sababu hakina uzito wa kumlipa mtu na hakuna atakayekaa kukiosha. Pakiti za krispi na za viungo ndizo mbaya zaidi: ile inayong'aa ndani ni tabaka la alumini lililogandishwa na plastiki, na kuzitenganisha ni kazi ngumu isiyolipa. Basi zinachomwa jioni nyuma ya nyumba, moshi unaingia kwa jirani, au zinapelekwa dampo la Chidaya kama upepo haujazichukua njiani. Na mbuzi, tunamjua, hachagui.

Tulijaribu mifuko ya kaki kwanza. Kwa maharage ilifaa. Kwa karanga za kukaanga ilichora ramani ya mafuta, na siku moja mchele kilo tano ulimwagikia barabarani mteja akiwa juu ya bodaboda. Tulimpimia mwingine bure, na tangu siku hiyo kaki tumeiachia vitu vikavu na vyepesi.

Sasa tunafanya hivi. Unakuja na chombo chako: kopo la maziwa ya unga, ndoo ndogo, hata hotipoti la zamani. Tunakiweka kwenye mizani kikiwa tupu, tunarudisha sifuri, ndipo tunamimina. Hulipii uzito wa kopo. Umeme ukikatika tunatumia mizani ya mawe, na hapo tunaweka kopo linalolingana na lako upande wa pili. Kama una shaka, simama upande huu wa kaunta uangalie mshale, hatukasiriki. Na wa mia tano anapimiwa sawa na wa kilo kumi, maana najua watu wanaona haya kuleta kopo kubwa kwa sukari kidogo.

Mafuta ya alizeti yana masharti yake. Chupa iwe kavu kabisa, kwa sababu maji kidogo tu chini yanaharibu mafuta mapema. Ukifika nyumbani yaweke mbali na jua. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya kuogeshea mifugo hatutalitia mafuta, hata ukilisugua na mchanga wiki nzima. Tumeshagombana na mtu mmoja kwa hilo na tuko tayari kugombana tena.

Dona nunua ya wiki mbili, si ya miezi miwili. Kiini cha mahindi kimo humo na mafuta yake, kwa hiyo linachacha upesi kuliko sembe. Kopo lenye mfuniko unaobana litazuia wadudu, lakini halitazuia uchachu.

Kuna vitu hatuwezi kukupa bila pakiti. Chumvi yenye madini joto inatoka kiwandani imefungwa, na maziwa ya pakiti ni ya pakiti. Wala usikimbilie kununua makopo mapya ya kioo ya bei mbaya ili ufanane na watu wa mtandaoni. Uliyo nayo chini ya kabati yanatosha.

Ukisahau chombo, tunakuazima kopo kwa elfu moja, kama unavyoacha hela ya chupa ya soda. Likirudi, hela yako inarudi. Tulianza na makopo kumi na mawili, yenye alama ya rangi nyekundu chini. Matatu hayajaonekana tangu Pasaka. Kama moja limo jikoni kwako lina vitunguu, lete tu. Elfu yako ipo kwenye droo.