Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mguu uliokwisha kuvimba

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya pwani, na nyumbani kwangu anaishi shangazi yangu mwenye matende ya mguu wa kulia. Mgawa dawa alipokuwa akipita tulimeza sote, ivermektini na albendazoli, dawa za minyoo wanaoleta matende, na sina ugomvi na kampeni hiyo ya ugawaji tangu ilipoanzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Kazi yake ni kukata maambukizi. Nakuandikia kuhusu mguu ambao tayari umevimba.

Limfu, yaani maji ya mwilini yanayokusanywa nje ya mishipa ya damu, haina moyo wa kuisukuma. Maji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, lita kadhaa kwa siku, hurudishwa na mishipa ya limfu yenyewe. Kila kipande kati ya vali na vali, milango midogo ya kupitisha upande mmoja tu, hujaa, hujikaza, kisha humpa jirani yake wa juu, kama watu waliojipanga kisimani wakipokezana ndoo. Kalsiamu ikiingia kwenye seli za msuli, mshipa hubana. Limfu ikipita kwa kasi, ukuta wa ndani hutoa gesi kidogo sana, nitriki oksaidi, na msuli hulegea ili mshipa ujae tena. Zipo pia prostaglandini, kemikali za mwili za kupeleka ishara, nyingine za kuchochea mikazo, nyingine za kuituliza. Siri ya mpango mzima ni kipimo: ishara ndogo, mahali pake, kwa wakati wake.

Mishipa ya shangazi imetanuliwa na minyoo kwa miaka mingi, na vali zake hazifungi sawasawa. Juu ya hapo huja mashambulizi. Bakteria hupenya kwenye michubuko katikati ya vidole, mitoki inavimba, homa inapanda, mguu unawaka. Chembe nyeupe za damu zinapokuja kupigana hutoa gesi ileile, safari hii kwa wingi. Kwa panya wa maabara imeonekana wazi: gesi hiyo ikifurika, ishara ndogo ya ukuta wa mshipa haisikiki tena na mikazo hudhoofika. Ndoo zinasimama pale pale mguu unapohitaji kukamuliwa zaidi. Homa hupoa, lakini kila shambulizi humwachia uvimbe kidogo juu ya ule wa zamani.

Nilipompeleka zahanati aliambiwa, "Matende hayana dawa, bibi, wewe meza tu zile za kampeni." Hakuna aliyeinama kumtazama vidole. Baadaye muuguzi mmoja mstaafu, jirani yetu, ndiye aliyetuonyesha anachokishauri Shirika la Afya Duniani: kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha kwa kitambaa hadi katikati ya vidole, kupaka dawa ya fangasi penye mipasuko, kuuinua ukilala, kukunja na kukunjua kifundo. Zamani alikuwa akiugua karibu kila mwezi. Mwaka jana mashambulizi yalikuwa mawili. Mguu haujapungua sana, nisikudanganye, ila anakwenda sokoni mwenyewe.

Ombi langu la kwanza ni sabuni, dawa ya fangasi na mtu aliyefunzwa kuosha mguu, katika kila zahanati ya wilaya zenye wagonjwa hawa. Ni vitu vya bei ndogo, na ndiyo maana nashangaa.

La pili linahusu presha. Wazee wengi wanatumia amlodipini, dawa inayozuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa, na kuvimba miguu ni moja ya athari zake zinazojulikana. Misuli ya mishipa ya limfu nayo inaitegemea kalsiamu hiyo. Sisemi mtu aache dawa; presha inaua. Naomba tu daktari anayemwandikia mgonjwa wa matende akumbuke kuutazama mguu na kufikiria kama ipo dawa nyingine inayomfaa.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Maambukizi yakishuka wilayani, ugawaji dawa husitishwa, na ni haki usitishwe. Lakini mgawa dawa ndiye alikuwa mtu pekee wa serikali aliyefika mlangoni kwetu na kuuona mguu ule. Sasa haji. Mheshimiwa, orodha ya wagonjwa aliyokuwa akiiandika kwenye daftari lake imekabidhiwa kwa nani?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa baiolojia, pwani ya kusini