Hesabu za kanisa nazo ni historia ya imani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba kuitazama historia ya Ukristo kwa jicho la uchumi ni kuidharau imani.

Mimi ni mhazini wa usharika wa Kilutheri huku Machame, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila Jumapili baada ya ibada tunakaa watu watatu sakristia, tunafungua sanduku, tunatenga noti na sarafu, tunafungua bahasha za ahadi na kuandika namba zake daftarini. Ikitokea noti ya elfu moja iliyokunjwa hadi ikawa kama punje ya hindi, najua imefunguliwa kwenye pindo la kanga ya bibi fulani. Siwezi kuidharau noti ile. Ndiyo maana nataka kujua inakwenda wapi.

Watoto wa kipaimara tunawafundisha kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alitoa hoja 95 kutetea neema ya Mungu. Ni kweli. Lakini daftari la hesabu tunaliruka. Huko huko Ujerumani, Albrecht wa Brandenburg alikuwa tayari Askofu Mkuu wa Magdeburg alipoutaka na uaskofu mkuu wa Mainz mwaka 1514, na hata umri wa uaskofu alikuwa hajaufikia. Roma ilitoa ruhusa kwa malipo. Akakopa guldeni (sarafu za dhahabu za wakati ule) zipatazo 29,000 kwa Jakob Fugger, tajiri wa benki wa Augsburg. Ili deni lilipike, Papa Leo wa Kumi aliruhusu vyeti vya rehema, vile vya kuahidi kupunguziwa adhabu ya dhambi ambavyo Luther alivipinga, viuzwe katika majimbo ya Albrecht: nusu ya makusanyo ijenge Basilika ya Mtakatifu Petro, nusu imrudie Fugger. Mtawa Johann Tetzel akapita mji kwa mji na sanduku, karani wa Fugger akiwa pamoja naye. Waumini walihubiriwa funguo alizokabidhiwa Petro, kumbe ufunguo wa sanduku anao mtu wa benki. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliumia.

Bei nazo zilipangwa kwa cheo. Mfalme au askofu guldeni 25, mfanyabiashara 3, mtu wa kipato kidogo 1 au nusu, na asiye na kitu asali na kufunga. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anauelewa mpango huo vizuri sana.

Frederick, mtawala wa Saxony, alimkataza Tetzel kuingia nchini mwake. Kanisa la ngome yake pale Wittenberg lilikuwa na masalia ya watakatifu, yaani mifupa na vitu vyao, yaliyovuta mahujaji na sadaka zao, na hakupenda fedha za raia wake ziishie Mainz. Watu wa Wittenberg wakavuka mpaka hadi Jüterbog, wakarudi na vyeti mkononi. Frederick huyohuyo ndiye aliyemkinga Luther baadaye. Je, Mungu hawezi kupitia hata kwa mtawala anayelinda mapato yake? Naamini anaweza.

Luther alikuwa hajajua habari za mkopo ule, lakini hoja yake ya 86 ni swali la mhazini: Papa ana mali kuliko matajiri wote, mbona hajengi kanisa hilo kwa fedha zake, anajenga kwa za waumini maskini?

Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, hukohuko Saxony, ulianzisha mfuko wa pamoja wa kanisa, na Luther akauandikia utangulizi. Sanduku lilikuwa na kufuli nne na funguo nne: mmoja wa makabaila, mmoja wa baraza la mji, mmoja wa watu wa mjini, mmoja wa wakulima wa vijijini. Mkulima ameshika ufunguo wa kanisa! Mara tatu kwa mwaka hesabu isomwe mbele ya watu wote. Leisnig si mbali na Leipzig, walikotoka wamisionari waliofika hapa Machame mwaka 1893.

Katika usharika nilioabudu ujanani, mjini, tulichangia paa miaka mitatu na hesabu haikusomwa hata mara moja. Hakuna aliyegomba. Bahasha zilianza tu kurudi tupu, na watu wakawa wanapeleka sadaka zao moja kwa moja kwa wagonjwa. Walikuwa na imani ileile. Nilipohama, juu bado kulikuwa na turubai.

Msomaji asidhani jicho hili linaona tamaa peke yake. Siku ya mavuno bibi mmoja alileta mayai manne. Sokoni ni shilingi elfu mbili. Kwenye mnada kijana wa bodaboda akayanunua elfu kumi na mbili, akamrudishia bibi. Bibi akayatoa tena, yakauzwa tena. Nikaandika: mayai 4, shilingi 31,000. Asiyejua bei ya yai sokoni hawezi kuona ukubwa wa kilichotendeka pale uwanjani.

Nawaomba wachungaji wanaofundisha kipaimara wawasimulie watoto habari za mkopo wa Mainz na kufuli za Leisnig. Sisi Jumapili ijayo tunasoma hesabu ya robo mwaka, na mayai yale yamo.

Mhazini wa usharika,
Machame, Kilimanjaro