Shangazi amelipia hoteli ya ziwani, mimi nataka kibanda cha Malaba

Mama Mshauri, asalaam alaykum.

Nina miaka 27, ni Mnubi wa Bombo, ila kazi imenileta Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako naandika karatasi za mizigo katika ofisi ya kliaringi. Posa imeshapokelewa, mahari imeshakubaliwa, nikaha tumeiweka baada ya Idi ya kuchinja. Kwa hiyo sikuletei kesi ya mwanamume asiyetaka kuoa. Kesi yangu ni ya picha. Usicheke kwanza.

Shangazi yangu, dada wa baba, anakaa Kampala na ndiye mwenye sauti katika mambo yetu ya ndoa. Waganda wana ssenga wao, shangazi mwenye cheo cha kumfunda binti kabla ya ndoa. Sisi wetu hatukumpa cheo lakini tunamwogopa vilevile. Yeye ndiye aliyesema lazima ziwepo picha za uchumba, za kuweka kwenye kadi, na moja kubwa ya kusimamisha mlangoni mwa ukumbi. Akatafuta mpiga picha, akamlipa advansi ya shilingi 800,000 kati ya 1,500,000, akachagua hoteli moja kubwa kando ya ziwa, akapanga na nguo tatu: gomesi, gauni refu la jioni la kukodi, na mwisho gurbaba yetu ya Kinubi, "kama muda utabaki". Gomesi yenyewe, Mama Mshauri, si yetu. Wanasema lilianzia shule ya wasichana ya Gayaza mwaka 1905, kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, Waganda wakalipenda mpaka likawa lao. Silichukii, hata kidogo. Lakini nivae la wenzangu mchana kutwa, halafu langu lisubiri kama muda utabaki? Hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi uliopita mpiga picha alituita tufanye jaribio kwenye bustani ya mimea ya Entebbe. Mahali penyewe pazuri, miti mikubwa ya tangu zama za Waingereza, mbega wanaruka juu na mikia yao meupe. Ila alituita saa saba mchana. Jua la saa saba unalijua: linapiga utosini, macho yanageuka mashimo mawili meusi. Akamtazama mchumba wangu, akaona shati lake halifai, akatoa koti kwenye begi. Lilikuwa kubwa, basi akalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, vitatu, viwili vya bluu na kimoja cha pinki. Mbele mtu anaonekana kama mkurugenzi, nyuma kama kamba ya nguo.

Kisha yakaanza. "Kaka, mshike kiuno. Dada, laza kichwa kifuani. Sawa, sasa mbusu kwenye paji la uso."

Sisi hatujafunga nikaha. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ndogo maana kulikuwa na watu. Akajibu, "Ah, dada, wote wanafanya hivi, hata watoto wa mahaji." Mchumba wangu akainamisha kichwa, akawa anatazama viatu vyake. Akasogea hatua moja mbali na mimi, mpiga picha akasema rudi, akarudi nusu hatua. Hizo ndizo picha tulizopata, Mama Mshauri: watu wawili wanaovutwa na kamba usiyoiona. Mimi ninafanana na mtu anayesubiri sindano.

Kwenye taksi ya kurudi Kampala hakusema neno mpaka tumepita Kajjansi. Halafu akaniuliza, "Hizi picha ni za nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninapokuandikia hilo swali bado linanisumbua.

Ngoja nikwambie tulivyokutana, uone kwa nini.

Ilikuwa Januari 2022. Wengine ile foleni waliisoma magazetini, mimi niliishi nayo. Serikali yetu ilitaka kila dereva anayeingia apimwe korona mpakani, madereva wakagoma kulipia kipimo dola 30, malori yakajipanga upande wa Kenya kilomita kwa kilomita. Mchumba wangu ni mtu wa Mbale, dereva wa trela, alikuwa na kontena la vigae la Kampala. Siku ya nne alimwachia tanboi lori, akapanda bodaboda, akaja dirishani kwangu kuulizia karatasi zake. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Karatasi zilikuwa tayari, lakini zingemsaidia nini na lori halisogei? Nikamwonea huruma, nikammiminia chai ya kwenye thamosi yangu. Thamosi hiyo ina kifuniko kilichopasuka, nilikuwa nimekizungushia ile plasta nyeusi ya mafundi umeme. Akanywa, akasema, "Dada, hii tangawizi ni ya kwetu mlimani." Nikamwambia tangawizi haina kabila. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi, karatasi hata hakuziulizia.

Foleni ilipofunguka aliondoka na thamosi yangu kwa bahati mbaya. Yeye ndiye anayesema bahati mbaya. Akairudisha baada ya siku tisa, imeoshwa, plasta imebadilishwa, mpya, nyekundu. Tukaenda kunywa chai kwenye kibanda cha mama mmoja anayepika chapati nyuma ya ofisi yetu, kina benchi moja na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Pale ndipo tulipozoeana, miaka yote hii, kila anapopita. Yeye Mgisu, mimi Mnubi. Kigisu sikijui, Kinubi hakijui, Kiganda chake ni cha kuombea chenji. Kila neno zuri tuliloambiana limetoka kwa Kiswahili. Na sasa shangazi ameagiza kadi iandikwe Kiingereza, eti Kiswahili kwenye kadi ni cha kambi za jeshi.

Sasa jambo la tatu, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nyumbani kwa bibi, Bombo, kuna picha moja ukutani. Ilipigwa mwaka 1968, Kampala, juma moja kabla ya nikaha yake na babu, katika studio ya Mhindi ambaye aliondoka na wenzake mwaka 1972 Amin alipowafukuza. Babu amevaa sare ya jeshi, bibi gurbaba. Wamekaa kwenye viti viwili, katikati kigoda chenye maua ya plastiki. Hawashikani, hawacheki. Nimeipita picha hiyo tangu nikiwa mtoto nikidhani ni ya watu waliokasirika. Niliporudi kutoka Entebbe nilisogea karibu kwa mara ya kwanza, nikaona: ncha ya kiatu cha babu imekanyaga upindo wa gurbaba ya bibi. Kidogo tu, kama sentimita mbili. Nikamuuliza bibi ilikuwa makusudi? Akaendelea kusuka, akasema, "Muulize babu yako." Babu alikufa mwaka 2003.

Mama Mshauri, mimi nataka picha ya namna hiyo.

Nimeshaipanga kichwani. Bibi ananisukia tabaga, kile kifuniko chetu cha chakula cha duara, chenye rangi nyekundu, zambarau na kijani. Nataka tusimame mimi na mchumba wangu tumelishika tabaga moja, kila mtu upande wake, mikono isigusane. Nataka ya kibandani, thamosi mezani na plasta yake nyekundu, yeye ananimiminia chai safari hii. Nataka nyingine yeye amekaa ndani ya lori, kiwiko dirishani, mimi nimesimama chini na faili la karatasi, namwangalia vile nilivyomwangalia mara ya kwanza ila bila vumbi. Nivae gurbaba, yeye kanzu au shati lake mwenyewe la safari, lisilo na vibanio. Tuanze saa kumi na moja na nusu jioni. Huku kwetu jua halibembelezi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja limeshatua, mwaka mzima, kwa hiyo mwanga mzuri unao saa moja tu au pungufu. Lakini saa hiyo hata ukuta wa mabati unapendeza. Kuna kijana Tororo anayepiga picha za pasipoti na za shule, nimemwona anavyofanya kazi: anawaacha watu waongee kwanza, kamera anaishusha chini, halafu anainyanyua wakiwa wamesahau. Anataka shilingi 250,000. Mchumba wangu naye anataka tupande Mwamba wa Tororo zile ngazi za chuma, tupige picha juu, Kenya ikionekana nyuma. Nimemwambia mwamba utabaki palepale, apande peke yake nimpige kutoka chini.

Vizuizi ni hivi. Uwanja wa forodha wenyewe haupigwi picha, hilo nalijua kwa kuwa nafanya kazi pale na sitaki kufukuzwa kazi wiki chache kabla ya harusi. Kibanda hakina shida, mama wa chapati ameshaanza kuuliza atavaa nini. Lori ni la tajiri. Mchumba wangu anasema ataliosha tu na kuliegesha kwenye maegesho ya Tororo, tajiri hatajua. Mimi nasema amwombe, maana picha itasimama mlangoni mwa ukumbi na tajiri amealikwa. Juu ya hilo tumenuniana siku mbili.

Lakini mlima ni shangazi. Nilijaribu kumgusia kwa simu. Nikasema, "Shangazi, vipi tukipiga zingine huku Malaba?" Akanyamaza, nikasikia redio yake. Kisha akasema, "Binti yangu, mimi nimeuza ng'ombe nikusomeshe utoke kwenye vumbi. Sasa unataka kurudi kupigiwa picha kwenye vumbi?" Hilo neno limeniuma kwa sababu lina ukweli. Shangazi ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza baba alipougua. Yeye mwenyewe aliolewa kwa haraka wakati wa vita vya Luweero, hana hata picha moja ya siku yake. Nafikiri ile hoteli ya ziwani na lile gauni la kukodi, nusu yake anajipigia yeye. Nikilifikiria hilo nakosa nguvu ya kukataa.

Mama yangu hayuko upande wowote. Anasema piga za huko na za huku, uwaridhishe wote. Ni rahisi kusema. Fedha ya pande mbili haipo, na mchumba wangu amesema wazi kuwa hatarudi kwa yule bwana wa vibanio. Mwanamume huyu hajawahi kunikatalia kitu, hata nilipotaka nikaha ifanyike Bombo badala ya Mbale. Akikataa kimoja, naona nimheshimu.

Kwa hiyo naomba ushauri wako katika mambo haya.

Shangazi nimwambieje? Wazo langu moja ni kumwita yeye mwenyewe aje Bombo, avae gurbaba, apigwe picha na mimi na bibi, wanawake watatu na tabaga lile, picha hiyo iwe ya kwanza kabisa na ndiyo ikae mlangoni. Rafiki yangu mmoja anasema hiyo ni rushwa. Mimi naona ni deni. Wewe unaonaje? Na nimweleze hayo ya harusi yake isiyokuwa na picha, au hilo ni jeraha nisiloruhusiwa kulishika?

Advansi je? Mpiga picha wa Kampala anasema hairudi, ila anaweza kuihamishia siku ya nikaha yenyewe. Siku hiyo tutakuwa mume na mke, hata akitaka kichwa kifuani sina tatizo. Tatizo ni kama atakubali kupiga watu wasioigiza. Nimpe sharti gani kabla, na nimwambie mimi au nimwachie shangazi aliyemleta?

Na lile la lori, niamue vipi? Nimlazimishe mchumba wangu amwombe tajiri ruhusa, au nimwachie mambo ya kazi yake?

Nakuomba unijibu mapema. Mchumba wangu yuko Juba, anarudi kwa njia ya Elegu na Lira, atalala Mbale kwao na kufika Malaba Alhamisi ijayo, kisha ana siku mbili tu kabla ya kupakia tena. Kijana wa Tororo anataka jibu kesho kutwa. Thamosi nimeshaiosha.

Wako,
Binti wa Bombo,
Malaba, Uganda